Vanishi ya Mkiani

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa mepesi, na upepo ulitosha kutikisa pazia tu.

Karakanani, seremala aliitundika ndege yake kwa kamba moja kwenye boriti. Haikuwa na injini wala magurudumu. Mrukaji angeibeba mabegani, akimbie mteremkoni, mabawa yamalize kazi. Ilikuwa imemchukua miaka miwili. Mkewe alikuwa amempa muda mpaka saa sita mchana wa siku hiyo: ikining'inia sawasawa, iende mlimani, ikiinama, ivunjwe, mbao ziwe kabati alilolisubiri miaka hiyo yote.

Iliinama. Mkia uligusa sakafu.

"Haiwezekani," seremala alisema. "Kila ubao niliupima kabla ya kuunganisha."

"Kabla," mkewe alirudia. "Na baada ya hapo?"

Shemeji wa seremala, fundi cherehani aliyeshona kitambaa cha mabawa, alipitisha kiganja mkiani. Kiliteleza kama juu ya kioo.

"Shemeji, hapa umepaka vanishi mara ngapi?"

"Tano. Kazi yangu haitoki hapa bila kung'aa."

"Na huko juu ataikagua nani? Kunguru?"

"Vanishi nayo ina uzito gani, bwana!"

Mkewe alichukua ufagio, akaulaza na kuusawazisha juu ya kidole kimoja, kisha akabana kibanio cha nguo kwenye ncha ya mpini. Ufagio ulianguka. Alirudia, safari hii kibanio kikiwa karibu na kidole. Ulitikisika tu.

"Kumbe!" alisema. "Kitu kidogo kikikaa mbali kinajifanya kikubwa. Lete msasa."

"Si wewe uliyetaka kabati?" seremala aliuliza.

"Kabati halina miguu, litanisubiri. Sasa nataka kujua."

Walikwangua wote watatu. Vumbi liliwatia mvi. Saa sita kasoro dakika kumi, seremala aliiachia ndege. Mkia uliinuka, ukayumba, ukatulia usawa na pua.

Alasiri, mteremkoni, seremala alikimbia hatua kumi na tisa. Ya ishirini haikupata ardhi. Alipaa kimya, akatua kwenye nyasi ndefu, akakaa kitako akicheka.

Fundi cherehani alishona kiraka kwenye bawa la kushoto, lililochanika wakati wa kutua. Seremala alinunua mbao nyingine, akaanza kabati. Mkewe alipima kwa hatua umbali uliorukwa, akapata sabini na mbili, kisha akaenda kutafuta viatu vya kukimbilia.