Jembe la Makaburini

Tangu tumzike binti yetu Sikujua, nalisikia jembe. Nikisonga ugali nalisikia, nikichota maji nalisikia: linapiga, kimya, linapiga. Mume wangu Maduhu anasema ni mawazo. Mawazo gani yenye mlio?

Mfiwa hashiki jembe. Wanaochimba kaburi ni majirani, kwa Wapimbwe, wenyeji wa hapa, hivyo, kwetu Wasukuma hivyo. Lakini binti yetu alipofariki mwaka jana, hapa kitongojini karibu na Kasansa, hakuna aliyetokea. Walisema makaburi ni ya wenyeji, sisi watu wa ng'ombe tutafute kwetu. Kwetu wapi, na mtoto alizaliwa hapahapa? Huo ni ubaguzi, hauna jina jingine. Maduhu akachimba peke yake, nje ya uzio wa minyaa unaozunguka makaburi, mimi nimeupakata mwili wa mtoto.

Juzi akafariki jirani yetu, Bibi Imakulata, Mpimbwe. Maduhu akachukua jembe.

"Waache wachimbe wenyewe!" nikamfokea.

"Mama Sikujua, nikiwaacha nitakuwa nimejifunza kwao."

Nikamfuata kwa hasira, nione watakavyomfukuza.

Wanaume walikuwa ndani ya uzio, hawajaanza kuchimba. Kasimiri, mtoto wa marehemu, akatoka, akatupita, akaenda mpaka kwenye kaburi la binti yangu. Akachora mstari kwa mguu pembeni yake.

"Mama atalala hapa."

"Huku nje?" Mzee Hilari, mmoja wa wale wanaume, aling'aka. "Na wageni?"

"Ndivyo alivyosema. Tangu huyu mtoto azikwe, mama alikuwa analisikia jembe. Akipika, analisikia. Akasema mtoto yuko peke yake kule, nikifa nipelekeni."

Habari ya jembe sikuwahi kumwambia mtu zaidi ya Maduhu.

Maduhu akainua jembe aanze. Mzee Hilari akatoka nje ya uzio, akamshika mkono, akamnyang'anya.

"Kaa chini, baba," alisema, bila kumtazama usoni. "Wewe ni mfiwa."

Mwaka mzima umechelewa, nikasema moyoni. Sikumsamehe. Lakini Maduhu alikaa pale chini, kando ya mwanawe, akalia kwa mara ya kwanza.

Wengine wakatoka na majembe yao. Nikasikiliza mpaka walipomaliza, nikilitafuta lile moja nililolisikia siku zote. Lilikuwemo.