Mfupa Uliotoka Nje ya Ngozi

Asubuhi ile, katika ofisi ya misimbo ya hospitali yetu ya Mayagüez, panapogeuzwa maneno ya madaktari kuwa namba za kupelekewa bima, walikuwapo hawa: Nereida Toro, msimamizi; Wilfredo, mweka misimbo; mimi, ninayewafunza wageni wa kazi hiyo; Daktari Almodóvar wa mifupa, aliyeitwa akaja amenuna; na Don Ismael Vélez wa Maricao, aliyekuja bila kuitwa, kigasha chake cha kushoto kikiwa kimezungushiwa bandeji.

Don Ismael alikuwa ameanguka kutoka paani akisafisha tangi la maji. Sasa bima ilikataa kumpelekea muuguzi wa kumsafisha kidonda nyumbani, kwa kuwa msimbo ulisema mifupa ilivunjikia ndani na ngozi ikabaki nzima. Kidonda kilikwisha kuanza kunuka, naye anaishi peke yake mlimani.

"Ngozi nzima?" alifoka. "Wilfredo, mwanangu, njoo unuse!"

"Nanusia hapa hapa, Don Ismael."

"Basi andika!"

Wilfredo hakuweza. Katika kazi yetu, msimbo hutoka kwenye maneno ya daktari, si kwenye macho wala pua ya mweka misimbo. Daktari alikuwa ameandika tu kwamba mifupa yote miwili ya kigasha imevunjika. Na pale asipotaja ngozi, kanuni inataka tuhesabu kwamba haikupasuka. Wilfredo aliifuata kanuni barabara, na kanuni ikamwacha mzee bila muuguzi.

"Haya, Nereida," daktari alisema akivuta kibodi, "niambie niandike nini, wagonjwa wananisubiri."

"Siruhusiwi kukuambia, daktari. Nakuuliza tu: ngozi ilikuwaje?"

"Ngozi ya nani?"

"Ya jirani yangu!" Don Ismael alidakia, akiuinua mkono wake.

Wilfredo akakohoa, macho yake yakielekea kwenye bandeji.

"Wilfredo, hakuna kukohoa," Nereida alimkata. "Huko ni kumnong'oneza majibu."

"Lakini daktari," mzee alisema, "si wewe uliyenichekesha pale mapokezi, ukasema mfupa umetoka kuota jua?"

Daktari alicheka, na ununaji wote ukamtoka. "Kweli, bwana! Mfupa ulipasua ngozi ukachungulia nje, na uchafu wa paa juu yake. Kila mtu aliuona!"

"Bima haikuwapo," Nereida alisema. "Hayo uliyoyasema sasa, yaandike."

Aliyaandika, akayasoma tena, akatia saini. Wilfredo akabadilisha msimbo pale pale, huku Don Ismael akimsimamia begani kana kwamba anaangalia mchezo wa domino. Daktari alipoushika mlango, Nereida alimwomba angoje, kisha akasimama.

"Sikilizeni nyote. Rekodi ya Don Ismael inarudi bima kabla ya chakula cha mchana, nami nitawapigia simu mwenyewe mpaka wanitajie jina la muuguzi. Na kuanzia leo, kigasha kilichovunjika kikifika hapa bila neno lolote kuhusu ngozi, hatukiwekei msimbo. Kinarudi kwa daktari wake mpaka aseme, hata akinuna."