Mtu Aliyefufuliwa Kambini

Vumbi jekundu la Lubumbashi lilikuwa likiingia sinema bila tiketi. Liliingia na viatu, na vitenge vya akina mama, na matairi ya baiskeli. Likapanda, likaukuta mwanga wa mashine, likacheza humo mbele ya picha yenyewe. Hakuna aliyelifukuza. Lilikuwa la nyumbani.

Faustin anakumbuka. Ukuta wa chokaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mabenchi ya mbao, na yeye kijana wa shati jeupe, kipaza sauti mkononi. Picha zilisema Kifaransa. Faustin alisema Kiswahili. Alimsemea mwizi, alimsemea bibi harusi, alimsemea hata farasi. Na watu wanyamaze? Thubutu! Walimwonya shujaa, walimtukana mwizi na ukoo wake wote, walilia kwa sauti. Sinema ilikuwa maneno, na maneno yalikuwa yake.

Kulikuwa na picha moja iliyopendwa kupita zote, ya dereva wa treni na mchumba wake. Mikebe ya filamu ilikuwa imeandikwa namba kimakosa, mkanda wa mwisho ukaonyeshwa kabla ya ule wa kati. Dereva akafa, akazikwa; mara huyo, yuko sokoni anacheka! Ukumbi ukaduwaa. Faustin hakutetereka: akatangaza kwamba mchumba amelia siku tatu, Mungu amechoshwa na kelele, amemrudisha mtu wake. Shangwe ikatikisa mabati.

Kila Jumapili dereva alikufa, kila Jumapili Faustin akamfufua. Na msichana wa benchi la mbele, Brigitte, akaapa ataolewa na mwenye maneno yale. Akaolewa naye.

Miaka hamsini na miwili, Faustin hakuthubutu kumwambia habari ya mikebe.

Leo mchana mjukuu wao Gracia amewaleta kwenye sinema mpya ya mjini. Tuseme kweli: viti ni laini, sauti ni safi, picha haikatiki. Lakini baridi ile, na kimya kile! Kila mtu na bisi zake, kila mtu na kicheko chake kidogo cha peke yake. Na picha yenyewe, iliyosafishwa upya, ni ile ile ya dereva. Gracia alidhani anawapa zawadi. Treni ilipotokea, Faustin aliingiwa na hofu, maana picha ikifuata mpango wake wa asili, mke wake atajua kwamba alimpendea uongo.

Dereva akacheka sokoni. Kisha akafa. Kisha ikaisha, taa zikawaka, watu wakainuka.

Brigitte hakuinuka. Faustin akamshika mkono, akakiri yote kwa sauti ya chini: mikebe, namba, hofu yake ya miaka yote. Akaomba msamaha.

"Nilikuwa najua, Papa David," akasema kwa Kiswahili cha kambini, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Kaka yangu ndiye alikuwa anaandika zile namba. Nilikupenda vile haukumuacha mu kaburi."

Akatazama watu wakielekea mlangoni.

"Bantu banatoka, na ule muntu angali chini. Umufufue."

Faustin akasimama katikati ya viti vyenye namba, mzee wa miaka sabini na saba, akakohoa mara moja.

"Bandugu, mukae kwanza," akaita. "Ule muntu hakufa."