Miguu ya Mzee Prayong

Kusahau tunasahau sote, lakini kusahau mahali ulipoweka nadhiri, mh! Hilo alilifanya Lamduan.

Mwaka jana alipanda basi na wauzaji wenzake wa soko la Ayutthaya, wakazunguka mahekalu tisa kwa siku moja, kama watu wafanyavyo wakitafuta baraka. Katika mojawapo alipiga magoti mbele ya sanamu ya Buddha, akaomba binti yake Wanpen apate mtoto. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuna kitu. Ombi likijibiwa, ngoma ingechezwa pale pale mbele ya sanamu. Haya, mtoto kapatikana, msichana, mashavu yamejaa kama maandazi. Kesho anatimiza mwezi na atanyolewa nywele za kuzaliwa, na bibi yake hakumbuki ni hekalu gani!

"Nakumbuka kulikuwa na paka amelala miguuni pa sanamu," alimwambia mumewe Prayong asubuhi hiyo.

Prayong alikuwa akipiga mswaki, nusura ameze povu. "Paka! Mama Wanpen, nitajie hekalu moja lisilo na paka."

"Cheka tu. Mtoto hajalala siku ya tatu leo, analia mpaka sauti inakauka. Unadhani ni bure? Aliyetoa anataka ahadi yake. Na kama hatuitimizi kabla ya kesho, sijui atachukua nini."

"Ni tumbo tu hilo."

"Kwako kila kitu ni tumbo!" Hilo lilikuwa donda la Lamduan la siku nyingi. Miaka yote kumi na mmoja yeye alifunga, akaomba, akawasha ubani mpaka nyumba ikanuka, na mwanamume huyu hakuwahi kuomba hata siku moja. Alisema tu, "Itakavyokuwa na iwe," kisha akaenda kulisha kuku.

Prayong akasukutua. "Basi tutakwenda yote tisa," akasema, akachukua ufunguo wa gari.

Lamduan hakuwa mchezaji. Miaka arobaini alisimama nyuma ya sufuria la tambi. Vidole vya mchezaji hupindwa kwenda nyuma kwa madaha, lakini vyake vilikataa katakata. Hata hivyo alijifunga mtandio wa kijani, akachomeka ua sikioni, na katika hekalu la kwanza akazunguka polepole huku Prayong ameshika redio. Wageni wenye kamera wakapiga makofi. Paka aliyekuwa hapo akafungua jicho moja, akalifunga.

"Unacheza au unafukuza nzi?" Prayong aliuliza.

"Shika redio na ufunge mdomo, wewe mzee!"

La pili lilikuwa katikati ya magofu ya matofali mekundu, ambako wageni walichuchumaa kupiga picha kichwa cha Buddha kilichomezwa na mizizi. Lamduan akacheza huku jua likimchoma utosini. La tatu, la nne. Prayong alikaa kivulini akila vikate vyembamba vilivyoviringishwa sukari iliyovutwa kama nyuzi, akitoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Kwenda la tano walivuka mto kwa kivuko, na mama mmoja kivukoni alipouliza hilo ua la harusi ya nani, Prayong akajibu, "La bi harusi wa miaka sitini na minne." Kivuko kizima kikaangua kicheko. Lamduan naye alicheka, ingawa alikuwa amenuia kununa mpaka jioni.

Alipomaliza la nane, magoti yaligoma. Alikaa kwenye ngazi, akaanza kulia kwa kwikwi kabisa. "Na kama ni hili la tisa, na nisiweze? Mtoto yule, baba Wanpen. Nimemsubiri mno."

Prayong hakufanya mzaha. Alitoa dawa ya kuchua kwenye gari, akapiga goti mbele yake, akamchua magoti yote mawili.

Hekalu la tisa lilikuwa nje ya mji, kando ya mashamba ya mpunga. Muuza maua wa mlangoni, mama mnene mwenye kofia ya ukili, alipomwona Lamduan akishuka kwa kuchechemea alipiga makofi.

"Ni wewe! Wewe wa basi la mwaka jana! Mjukuu kaja?"

"Unanikumbuka?" Lamduan akamshika mikono. "Ni hapa? Niliweka nadhiri hapa?"

"Nikusahau vipi, na sauti ile! Tulikusikia mpaka huku nje." Muuza maua akamtazama Prayong toka juu hadi chini. "Na huyu ndiye mwenye miguu?"

"Miguu gani?"

"Ulisema, 'Nikipata mjukuu, mume wangu atakuja kucheza. Ana miguu miwili mizima na hana kazi nayo.'"

Lamduan akafunika mdomo kwa mtandio. Kumbe na hilo alilisahau! Mahekalu manane! Manane, na hakuna lililomtaka yeye!

"Ni maneno yake hayo," Prayong akasema taratibu. "Huyo ni mke wangu hasa."

Akamkabidhi redio, akavua viatu, akajifunga mtandio. Yeye ambaye hata siku ya harusi yao alikataa kuinuka kitini, alicheza mbele ya sanamu mabega juu, matako nyuma, bila aibu, mpaka muuza maua akashikilia mlango kwa kucheka na paka aliyelala miguuni pa sanamu akaondoka zake. Lamduan alicheka mpaka akakosa pumzi.

Wimbo ulipokwisha, Prayong akajifuta jasho. "Izime hiyo, tusimalize betri. Kuna ngoma nyingine nyumbani."

"Ya nani tena?"

Akatazama viatu vyake. "Yangu. Niliomba mjukuu na kuahidi kucheza pale kwenye kibanda cha mizimu, nyuma ya banda la kuku. Kila asubuhi, miaka kumi na mmoja. Sasa mwezi mzima naona haya kuitimiza, wewe utanicheka."

Lamduan alimkodolea macho. Kisha akampiga bega kwa nguvu zake zote.

"Kumbe anayemliza mtoto ni wewe!" akafoka, machozi yakimtiririka. "Ingia garini! Endesha! Na leo, magoti yapende yasipende, tutacheza wote wawili."