Bakuli la Aliyetupa Moto

Usiku wa jana niliota Sheria, ile ya serikali, imekuwa mtu, kaja buchani kwangu, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyetaka utumbo.

Nilijua ni Sheria kwa sababu alivaa koti la mvua na jua linawaka, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Zamu yake ilipofika nikamuuliza, "Nikupimie nini, mzee? Mnofu au mchanganyiko?"

"Sinunui," akasema. "Nimeleta."

Akaweka juu ya mizani yangu kisahani cha kioo. Nikainama nikachungulia.

"Mbona hakuna kitu?"

"Tazama vizuri, Mbonea. Huyo ni mjukuu wako."

Nilishtuka hadi kisu kikaniponyoka.

Hapa niseme jambo ambalo si ndoto. Binti yangu Nakiete amezika watoto wawili, na hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka. Daktari wa hospitali kubwa alitukalisha akatuambia si uchawi, wala si kosa la mkwe wangu Eliamini. Alisema kila yai la mwanamke lina moto wake mdogo unaoupa mwili nguvu, na mtoto huurithi moto huo kwa mama peke yake. Moto wa Nakiete ni mgonjwa. Ila kuna nchi ya mbali ambako sheria inaruhusu wachukue kiini cha yai lake, wakihamishie kwenye yai la mwanamke mwingine ambaye moto wake ni mzima. Mtoto atazaliwa na sura ya baba yake na mama yake, lakini moto utakuwa wa mtu wa tatu.

Jana mchana Nakiete alikuja kuniuliza nasemaje. Wakwe zake wamesema watafuata neno langu. Nikamjibu, "Mtoto wa mama wawili? Huyo mama wa pili nitamwita nani mimi? Njoo kesho nikujibu." Akaondoka bila kunywa chai. Nikalala nimenuna.

Basi. Mjukuu yuko juu ya mizani.

"Ana uzito gani?" naiuliza mizani. Miaka yote niliyokaa nayo haijawahi kufungua mdomo. Leo inanijibu kama imenichoka: "Sisikii uzito wowote. Nasikia kutetemeka tu."

Kutoka kwenye kisahani zikaja sauti nne, nyembamba, zote kwa pamoja. "Shikamoo, babu."

Nywele zilinisimama. Lakini salamu ni salamu. "Marahaba. Mko wangapi humo?"

"Mmoja, babu. Ila tuko wanne."

"Mtu mmoja anakuwaje wanne?"

"Samahani, tumegawanyika, sasa tuko wanane. Babu, tunasikia baridi."

Nikanyoosha mkono nikifunike kile kisahani na kiganja changu, Sheria akanipiga kofi vidoleni. "Una leseni?"

"Ninayo. Ile pale ukutani, na fremu yake."

Leseni yangu ukutani ikajigeuza ikanipa mgongo. "Mimi ni ya ng'ombe na mbuzi," ikasema. "Usinitaje kwenye mambo ya watu."

Sheria akachukua muhuri wa mkaguzi wa nyama, ule wa wino wa bluu, akanigonga nao kwenye paji la uso. Uliniuma. "Umeruhusiwa," akasema. "Kwa kazi hii tu, kwa kiinitete hiki tu, na usizoee."

Nikageuka kuwaomba radhi wateja kwa kuwachelewesha. Hakukuwa na wateja. Waliopanga foleni walikuwa siku. Sijui nilijuaje, lakini mtu akiwa siku unamjua. Siku ya Kwanza alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma. Siku ya Pili alikuwa anafuta miguu. Mwisho kabisa wa foleni alisimama mwanamke mnene, mpole, ameshika kigoda kwapani.

"Yule ni nani?"

"Siku ya Kumi na Nne," Sheria akasema, na sauti yake ikashuka. "Yeye hapiti. Akifika huingia ndani, hutafuta mahali, hukaa. Akikaa juu ya kigoda chake, kiinitete ambacho bado kiko kwenye kioo, ambacho hakijaingia tumboni mwa mama yake, kazi yake imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Imekwisha."

Yule mwanamke akanipungia mkono. "Sina ubaya na mtu, baba," akasema kwa mbali. "Ni miguu tu inaniuma."

Foleni ikasogea. "Sasa moto uko wapi? Nionyeshe moto!"

"Mlango wa stoo," Sheria akasema.

Nafungua mlango wa stoo ninakoweka magunia na ndoo, naingia, na ninakuta jiko la shule ya msingi niliyoiacha darasa la nne. Moshi uleule, maharage yaleyale. Mbele ya mafiga amekaa mwanamke, ameinamia makaa. Nasema hodi. Anageuka.

Hana uso. Mahali pa uso pana mfuniko wa sufuria, umebana vizuri pande zote.

Nilirudi nyuma nikakanyaga mguu wa Sheria. "Amepatwa na nini huyu?"

"Hajapatwa na kitu. Uso nimeuhifadhi mimi, kabatini. Mtoa moto hatakiwi kujulikana."

"Na yeye ulimuuliza?"

"Alikubali. Tena alikubali kwa moyo mweupe."

Mwanamke akainua bakuli la bati, lile la maua mekundu, limebanduka rangi ukingoni. Akalijaza makaa yanayowaka kwa mikono mitupu, moja baada ya jingine kama anayechambua mchele, akanipa. Sikumsikia akidai chochote. Bakuli lilikuwa la moto sana, lakini nililishika. Nani angeliacha?

Nikarudi mbio buchani. Siku ya Nne alikuwa anatoka, Siku ya Tano anaingia huku anatafuna muhogo. Nikamimina makaa taratibu pembeni ya kile kisahani. Halafu nikasikia kitu kama pumzi ya watu wengi waliokuwa wamejizuia.

"Babu," zikasema sauti, na sasa zilikuwa nyingi hata sikuweza kuzihesabu. "Babu, moto umeshika!"

Nilifurahi kwa namna ambayo kwa kawaida huwa najizuia mbele za watu.

"Vizuri," Sheria akasema. "Nakiete ameitwa, yuko njiani. Sasa karudishe bakuli. Usimsalimie, usimshukuru, usimuulize kwao ni wapi. Yeye si mama, si shangazi, si kitu kwenu. Weka chini, ondoka."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo, lakini mikono yangu ililelewa na marehemu mama. Nilipokuwa mdogo, jirani akileta mboga kwenye bakuli, bakuli halikurudi kwake bila kitu, hata kama ni ndizi moja, hata kama ni chumvi. Ungelirudisha kavu, mama angekutuma tena mbele za watu. Kwa hiyo mikono ilifungua friji, ikatoa ini nililomwekea Nakiete, ikakata kipande kizuri cha upande mnene, ikakiweka ndani ya bakuli. Nilikuja kujiona nimeshafika jikoni, na mwanamke ameshalipokea.

Filimbi ikapulizwa. Paa la jiko likaondoka. Tuko kanisani, kanisa lile alilofungia ndoa Nakiete, na madhabahuni wamekaa mahakimu, sufuria tatu kubwa za shule, zimeungua matako.

"Amemlipa!" Sheria anapiga kelele, koti la mvua linamtetemeka. "Waheshimiwa, amemlipa mtoa moto! Moto hauuzwi!"

"Sijamlipa mtu," nikasema. "Nimerudisha bakuli."

"Ndani ya bakuli mna nini?" ikauliza sufuria ya katikati.

"Ini."

Kanisa zima likaguna. Hata benchi ziliguna.

"Kama ni malipo, kibali kinafutwa," sufuria ya kushoto ikasema. "Kama ni zawadi ya undugu, basi mwanamke huyu amekuwa ndugu, na mtoto ana wazazi watatu. Hatuna kiti cha mzazi wa tatu. Tazama, viti ni viwili."

Nikatazama. Kweli vilikuwa viwili, tena kimoja kibovu.

"Haiwezekani bakuli likawa bakuli tu?" nikauliza.

Sheria akajipapasa mifuko yote ya koti. Akavua koti, akalikung'uta. Vikaanguka vifungu vya sheria kama punje za mahindi, vikatambaa sakafuni, akapiga magoti anavitafuta kimoja kimoja. "Kuna cha mayai," akasema. "Kuna cha sindano. Kuna cha kukataza kununua, cha kukataza kutaja jina." Akainua uso, amepauka. "Cha bakuli hakuna."

Nyuma yangu nikasikia miguu mizito inaburuzwa. Siku ya Kumi na Nne ameingia kanisani. Anatafuta mahali pazuri pa kuweka kigoda.

"Mama, subiri kidogo," nikamwambia.

"Nasubiri, baba. Ila naweka tu kigoda chini, mkono umeniuma."

Akakiweka. Kwenye kisahani, ambacho sijui kilifikaje mkononi mwangu, wajukuu zangu, yaani mjukuu wangu, wakanyamaza wote kwa mara moja. Ukimya wa namna ile naujua. Nimeusikia mara mbili tu, kwenye nyumba ya Nakiete.

"Jibu haraka," sufuria ya katikati ikasema. "Mwanamke huyu ni nani kwako?"

Swali lilelile la jana mchana. Jasho lilinitoka, muhuri ukayeyuka ukanitiririkia machoni, nikaona kila kitu bluu.

"Mama wa mtoto ni Nakiete," nikasema. "Hilo halina mjadala, na atakayelijadili tutapigana. Huyu si mama. Lakini msiniambie si kitu! Watoto wawili nimewashusha kaburini kwa mikono hii kwa sababu ya kukosa hicho alichonacho huyu. Ni mtu aliyetupa moto. Mtu akikupa moto, chungu kinachopikwa ni chako, hadai kuonja. Ila bakuli lake hulirudishi tupu. Kama hamna jina la mtu wa namna hiyo, shauri yenu. Mimi sikusoma, sina la kuwasaidia."

Sufuria zikatazamana. Siku ya Kumi na Nne akaanza kuinama, mkono mmoja kiunoni, anajishusha.

Ndipo yule mwanamke akamvuta Sheria mkono, akaonyesha bakuli, halafu akaonyesha mahali ambapo mdomo ungekuwepo.

"Anataka nini?" nikauliza.

Sheria alikuwa ameaibika. "Anataka kula."

"Si umpe mdomo wake!"

"Uso hauruhusiwi."

"Nani kasema uso? Nimesema mdomo."

Sheria akafikiri. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mdomo, akaubandika kwenye mfuniko, umekwenda upande kidogo. Mwanamke akatafuna ini polepole, mahakama nzima ikimsubiri. Akameza.

"Halina chumvi," akasema.

Kisahani kikacheka. Maelfu ya sauti zilicheka mkononi mwangu hadi kioo kikapata joto, na mlango wa kanisa ukafunguka kwa kishindo, na Nakiete akaingia anakimbia, viatu mkononi, na mimi nikamnyooshea kisahani huku Siku ya Kumi na Nne amebakiza kama upana wa kiganja kukifikia kigoda, nikapiga kelele, "Chukua, mwanangu! Chukua!"

"Nichukue nini wewe? Amka," mke wangu akaniambia.

Kulikuwa kumekucha. Nimekaa kitandani, nimemnyooshea mke wangu mto. Nikauliza Nakiete yuko wapi, aliwahi? Akanitazama kama anayetazama mgonjwa.

"Nakiete anakuja saa hizi kusikia jibu lako. Na wewe, Baba Nakiete, kama ulikuwa na njaa si ungeniambia? Ini la mgeni unalikata kabla hajafika?"

Nikaenda jikoni. Nikafungua friji. Ini lilikuwa limekatwa upande mnene, kwa kisu kilichoegemea kushoto, na anayekata hivyo katika nyumba hii ni mimi. Nikakaa juu ya ndoo.

Hodi ikapigwa. Nakiete akaingia, macho yamevimba, hakuwa amelala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kusikia." Halafu akaangalia alichoshika, kama aliyekuwa amekisahau. "Na hili ni la nani? Nimelikuta hapo kizingitini, nusura nilikanyage. Bado lina joto."

Lilikuwa bakuli la bati, la maua mekundu, limebanduka rangi ukingoni. Ndani yake yai moja, na chumvi kidogo imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Mke wangu akasema sisi hatuna bakuli kama hilo. Nakiete akaligeuza chini kutafuta jina. Hakukuwa na jina.

"Baba? Mbona unalia? Ni la nani?"

"Simjui," nikamwambia. "Mwambie Eliamini mjiandae na safari. Na hilo bakuli, mwanangu, usilirudishe tupu."