Mdomo wa Fuatino na Bomba la Mvuke

Gego liling'olewa asubuhi, na kufika alasiri mdomo wa Fuatino ulikuwa umehamia kushoto. Si uvimbe, uvimbe wa jino aliujua. Huu ulikuwa mvuto. Mdomo wa chini ulinaswa kama kwa kulabu, ukaburutwa kuelekea sikioni, taya likafuata, na jicho la upande huohuo likajikunja. Ulikaa hivyo kitambo, ukaachia, kisha ukashika tena mara tu alipotaka kusema. Alikuwa anamwambia mumewe, Iosua, aepue sufuria. Iosua akasikia mtu anayeongea na kipande cha gimbi la moto mdomoni. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Wakati mbaya kuliko huo usingepatikana. Siku chache kabla, katika kiwanda cha tui la nazi kilichojengwa kwenye ardhi ya kijiji, bomba la mvuke lilipasuka likamchoma Vaosa, binti wa rafiki yake Sieni, kuanzia begani hadi kiunoni. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya mjini Apia, analala kifudifudi. Kampuni ilisema msichana alizembea, akagusa asichotakiwa kugusa. Fuatino, msimamizi wa wanawake wa kukuna nazi, alijua vingine. Yeye ndiye aliyeliona bomba lile limefungwa kwa mpira wa baiskeli na waya. Ndiye aliyemwambia Asomua, mkuu wa zamu. Na ndiye aliyejibiwa, "Mama, wewe kuna nazi. Mabomba yana wenyewe." Hakuwapo mwingine wa kusikia ila Vaosa, na neno la Vaosa halikuhesabiwa kwa kuwa ndiye aliyebebeshwa uzembe.

Hivyo kweli yote ya jambo lile ilikuwa imebaki katika mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ndio huo umepinda.

Meneja, mzungu aitwaye Prescott, aliomba kukaa na matai, wakuu wa koo, ili kijiji kitamke mbele yake kwamba hakina neno na kampuni. Kijiji kilikuwa hodari wa kutamka hivyo. Kilisema hakina neno vidole vya Penitito vilipobaki kwenye kinu. Kilisema hakina neno maji machafu ya kiwanda yalipoua samaki wa kwenye mwamba, na watu wakaanza kununua samaki wa kopo katika pwani ya babu zao. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: kikombe cha ava, kile kinywaji cha mizizi cha barazani, kikazunguka, hotuba tamu ikatolewa, na mambo yakazikwa yangali yanapumua. Safari hii Fuatino aliapa hayatazikwa. Na yeye alikuwa matai. Jina alilorithi katika ukoo wake ni Moeaina, jina la wasemaji, wale ambao kazi yao ni kubeba neno la kijiji mbele ya wageni. Haki ya kusema alikuwa nayo.

Kijiji hakikosi waganga. Jirani mmoja alimwambia, "Uliachia nywele wazi pale mtoni, dada. Aitu wa kike, mizimu ile, hawapendi." Akaletewa bibi wa kukanda, akakandwa shavu kwa mafuta ya nazi na majani mpaka ngozi ikawaka. Asomua yeye alikuwa na maelezo mafupi zaidi, akayatoa mlangoni pa kiwanda wafanyakazi wote wakisikia: "Mungu anajua kuziba bomba linalovuja."

Watu wakacheka. Fuatino alifungua kinywa ajibu, kikaenda kushoto, na kicheko kikaongezeka.

Huko Apia daktari wa kwanza alimpiga picha za kichwa, akazitazama, akasema hakuna kiharusi, hakuna ugonjwa, nenda nyumbani mama. Maneno hayo mawili, hakuna ugonjwa, yalifika kijijini kabla ya basi alilopanda yeye. Ilimbidi arudi tena ndipo alipokutana na Temukisa, daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba.

"Kwa hiyo sina kitu," Fuatino alijikokota kusema.

"Unacho. Nimekiona kwa wengi." Temukisa akampa kioo ashike kwa mkono mmoja. "Mkono wa pili gonga paja hivi, ufuate wangu. Usinipotee."

Daktari akagonga taratibu, akaharakisha, akabadili mapigo. Fuatino alihangaika kumfuata. Katikati ya kuhangaika akatupa jicho kiooni, akaona mdomo wake umerudi mahali pake. Alipoutazama tu, ukaondoka.

"Umeona? Kiharusi hakifanyi hivyo," Temukisa alisema. "Misuli ni mizima, mishipa ni mizima. Kilichoharibika ni jinsi ubongo unavyoiendesha. Jino liliuma, taya likajikaza kujilinda, ubongo ukaizoea ile kazi, sasa umeshindwa kuiacha. Ukiuwazia mdomo, unakaza. Ukishughulika na kitu kingine, unalegea."

"Nyumbani wanasema ni dhamiri. Kwa ajili ya mtoto aliyeungua."

"Watu wanapenda hadithi. Wasiwasi unaweza kuzidisha, ndiyo. Lakini nina wagonjwa wa namna hii ambao hawana siri wala kilio. Usikubali mtu akwambie mdomo wako unatubu."

Fuatino akauliza lile lililomleta. "Najifanya?"

"Anayejifanya anajua ataacha lini. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi."

Akamfundisha kuanza kwa mgumio kifuani, sauti ya kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, kisha kuingiza neno ndani ya mgumio, huku vidole vikigonga paja. Alimwambia utachukua muda, na kuna siku utarudi nyuma. Fuatino alitoka pale na kitu ambacho hakuwa nacho alipoingia: maelezo. Ila maelezo yale alikuwa nayo peke yake.

Jumapili akaenda kanisani na kofia yake nyeupe, akakaa kwenye safu ya sauti ya pili kama miaka yote. Wimbo ulipoanza, mdomo ukafunguka sawasawa. Alihisi machozi kwa raha ile. Aliimba beti zote, na hakumwona mpwa wa Asomua aliyeinua simu yake juu ya vichwa vya watu.

Kesho yake Asomua alisimama getini pa kiwanda na ile simu. "Njooni mwone. Huu ni mdomo wa Jumapili. Sasa subirini mwenyewe aje, muone wa Jumatatu." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayesikitika, "Mimi simhukumu. Nauliza tu. Anayeweza kudanganya kwa uso wake mwenyewe, atashindwa kudanganya kwa bomba?"

Hilo ndilo lililoingia ndani ya watu. Hata Sieni lilimwingia. Alikuja kwa Fuatino mchana huohuo kutoka hospitalini, nguo zikinuka dawa, akakaa mkekani bila kuegemea nguzo.

"Mwenzangu," alisema. "Mwanangu analia akigeuzwa. Sina nguvu za kuchezewa. Niambie kweli, unaweza kusema au huwezi?"

Fuatino alitaka kumweleza yote, kioo, paja, ubongo uliokosea njia. Kwa vile alivyolitaka sana, kinywa kilikaza kuliko siku zote. Taya likagonga, ulimi ukarudi nyuma, ikatoka sauti isiyo neno. Sieni alimtazama mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda zake.

Iosua alikuwa nje anaparura shelisheli kwa kombe, tayari kwa kuziweka kwenye mawe ya moto. "Mwachie mwingine aseme," alimwambia.

"Na-nani?"

Iosua alifikiri, akakosa jina. Wengine wote walikuwa na mtoto au mkwe kwenye mshahara wa Asomua. "Basi imba," alisema, nusu utani. "Imba hilo bomba, mke wangu. Kwenye kuimba huna mpinzani."

Fuatino alilifikiria mpaka shelisheli zikaiva. Mwishowe akasema, kipande kwa kipande, "Nikiimba, watapiga makofi, waende kula."

Siku ya Prescott, matai walikaa kila mmoja kwenye nguzo yake, meneja na mkalimani wake wakapewa upande wa wageni. Sieni na wanawake walikaa nyuma. Kabla ya hotuba ikabidi wasemaji washindanie neno, kama ilivyo desturi: kila msemaji anadai haki ya kusema, wengine wanamsihi awaachie, kwa adabu na sifa nyingi, hadi abaki mmoja. Kila mtu alijua atakayebaki ni Asomua, maana naye alikuwa msemaji, na hotuba ya hatuna neno alikuwa nayo tayari. Mmoja baada ya mwingine wakamwachia. Ikafika kwa Fuatino. Hakuachia. Aligumia, akagonga paja, akasema, "Moeaina... anadai."

Asomua angeweza kubishana naye hadi jua liwe utosini, na angeshinda. Lakini alikuwa ameshazoea kicheko cha getini. Akatabasamu, akauweka usinga wa wasemaji, wa kamba za kumbi, mbele ya Fuatino.

"Sisi tumesema mno miaka hii," alisema. "Neno liende kwa Moeaina. Sauti yake ya Jumapili sote tunaijua."

Nyumba nzima ikacheka. Alitegemea mwanamke aone haya, amrudishie usinga na hotuba pamoja. Fuatino aliuchukua, akautupa begani. Na usinga ukishakaa begani, hakuna amkatizaye msemaji mpaka ushuke.

Alianza. Haikuwa hotuba ya kupendeza. Kila neno lilivutwa kutoka shavuni kama mwiba. Salamu peke yake, zile sifa za kijiji na koo ambazo mtoto wa kanisani anazimaliza kwa pumzi chache, zilimchukua mpaka Prescott akatazama saa. Mkalimani akatazama miguu yake. Jasho likamchirizika Fuatino hadi kidevuni. Akafika kwenye bomba. Mpira wa baiskeli. Waya.

"Waheshimiwa," Asomua alidakia, "mgeni wetu amechoka."

Mkuu wa kijiji, mzee ambaye kwa kawaida husinzia mikutanoni, akafumbua macho. "Asomua. Usinga uko begani mwa nani?"

Asomua akaegemea tena nguzo yake.

"Ni-nilimwambia," Fuatino aliendelea. "Mkuu wa zamu. Akanijibu." Hapo alihitaji kuyaleta maneno yalivyokuwa, na katika kuyaleta akaileta na sauti: ule mkwaruzo, ile kusogeza kidevu juu, ule uvivu wa mwisho wa sentensi. "Mama, wewe kuna nazi. Mabomba yana wenyewe."

Lilitoka limenyooka. Mdomo ulikuwa katikati ya uso, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Asomua mtupu. Mwanamke mmoja nyuma aliguna. Kila aliyewahi kufanya kazi pale alikuwa ameambiwa yana wenyewe.

Asomua aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Mmeona! Umenyooka. Nilisema anajifanya, mmeona wenyewe."

"Tumeona," mkuu wa kijiji alisema. "Tumekusikia pia. Maneno hayo uliyasema au hukuyasema?"

Asomua alitazama wageni, akatazama nguzo. Aliyekuwa hodari wa kusema kuliko wote hakupata la kusema, na kinywa chake hakikuwa na ugonjwa wowote.

Baraza halikutamka kwamba halina neno. Lilifunga barabara ya kiwanda, ile inayopita kwenye ardhi ya kijiji, hadi mabomba yote yabadilishwe na familia ya Vaosa iombwe radhi mbele ya nyumba yake. Prescott aliondoka bila kumaliza ava yake.

Msidhani Fuatino alibebwa juujuu. Kiwanda kimya ni mifuko mitupu, na wanawake walewale aliowasemea walimpita njiani bila salamu. "Umetufungia kazi kwa mdomo huo wa bandia," mmoja alimtupia. Alitaka kumjibu. Ukaenda kushoto.

Aliporudi nyumbani alimkuta Sieni ameketi kizingitini, kapu la hospitali magotini. Hakuomba msamaha wala hakumtazama usoni.

"Hilo la kugonga," Sieni alisema. "Ulilokuwa unalifanya pale barazani. Linafanywaje?"

Fuatino akakaa. Akauweka mkono wa Sieni juu ya paja la Sieni mwenyewe, akaanza kugonga lake pole pole, mkono wa mwenzake ukamfuata, naye Fuatino akagumia, akilitafuta jina la Vaosa ndani ya mgumio. Halikuja mara ya kwanza. Hawakuacha kugonga.