Mikono ni Yako, Fundi ni Mimi

"Usiidondoshe kama nta ya mshumaa, Mama Cindy. Pasha waya moto kwanza. Ukishapata moto, risasi itaenda yenyewe."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye veranda, jiko la makaa upande mmoja na sanduku la redio iliyokufa upande mwingine. Mkononi nilishika chuma cha mume wangu cha kulehemu, kile chenye kichwa cha shaba, kizito kama jembe. Nilikichovya kwenye kopo la asidi, kikafoka, moshi mweupe ukanikwaruza koo. Shitanda alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja kama mtoto wa mtu mwingine anayeshikiwa kwa muda tu.

"Sasa," akasema. "Gusa. Usiogope."

Niligusa. Risasi ya kulehemia ikayeyuka, ikakimbia juu ya waya, ikang'aa.

"Ona huyo," akasema mume wangu. "Nilioa fundi bila kujua."

Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Soko la Bukura lilimjua kwa mambo mawili: kazi ya bati na gitaa. Mchana alitengeneza koroboi, mifereji ya mvua na karai. Jumamosi jioni alipiga gitaa la mbao, lile la zamani la kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada, na pembeni lazima awepo mtu wa kugonga chupa ya soda yenye mikunjo ili wimbo upate miguu. Ndivyo tulivyojuana. Siku moja mgonga chupa wake hakuja, nami nilikuwa nimesimama karibu tu. Akaninyooshea chupa bila hata kuniangalia usoni. Nilipokosea alisonya. Nilipopatia hakusema kitu, na mimi nikaona kule kutosema ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua mkono wa kulia. Baada ya miezi kikaurudisha nusu. Kidole gumba kilikumbuka njia zote juu ya nyuzi, lakini kilizipita kwa upole mno, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Ukikaa naye kitandani unasikia wimbo mzima. Ukisimama mlangoni husikii kitu.

Alikuwa ameanza kunyamaza pia kwa mdomo. Asubuhi nilikuwa nikimtoa nje kwenye jua, jioni namkuta ameangalia palepale.

Ndipo wazazi wa Clifford, kijana aliyetaka kumuoa binti yetu, walipotuma habari kutoka Lugari kwamba wanakuja kuongea habari ya Cindy. Cindy ni mtoto wetu wa pekee. Siku alipozaliwa, babake alimtungia wimbo mfupi, na tangu hapo alisemanga kwamba ataupiga siku watu watakapokuja kumwomba, asikie kila atakayefika bomani.

"Baba, usijisumbue," Cindy alimwambia kwa simu. "Ule wimbo nilirekodi kitambo. Tutaweka kwa spika."

"Huyo ni baba wa kitambo," Shitanda akasema. "Unaolewa sasa. Mimi ndiye babako, si yule."

Alipokata simu aliniomba nimletee ile redio kubwa iliyokufa. Alikuwa amesikia kwamba spika yake ikiungwa na kibao kidogo cha umeme kinachouzwa mjini, na kidude cha kunasa sauti kikibandikwa tumboni mwa gitaa, hata mdonoo wa mgonjwa utafika mbali. Joash, mtoto wa dada yake anayetengeneza simu Kakamega mjini, alijitolea kuja kumfanyia. Shitanda akakataa. Akanigeukia, akaangalia vidole vyangu.

"Mikono ni yako," akasema, "fundi ni mimi."

Jioni ile ya kwanza sanduku lilitoa sauti. Alidonoa uzi mmoja, na nyumba ikajaa. Alishtuka, akatazama nyuma kana kwamba kuna mtu ameingia. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Sanduku lilianza kutatarika kama mahindi kwenye kikaango, sauti ikawa inaenda na kurudi, mwisho ikakata. Tulipolifungua tulikuta viungo vyangu vyote vilivyong'aa vimeota ukungu wa kijani. Niligusa waya mmoja kwa kucha, ukakatika.

Nililifunga kwenye leso, tukampelekea Joash. Aliinamia kibao, akanusa, akaanza kucheka.

"Mjomba! Umetumia asidi ya karai?"

"Nitumie nini? Maji ya kunywa?"

"Karai ni nene, mjomba. Hizi nyaya ni nywele. Asidi haikulala, iliendelea kula pole pole mpaka ikamaliza."

Joash hakuwa na ubaya. Alitupatia kibao kingine, na kifaa chake cha zamani cha kulehemu kwa stima, chembamba kama kalamu, na risasi nyembamba yenye utomvu ndani yake, isiyohitaji asidi. Lakini njia nzima ya kurudi Shitanda aliukwangua ule ukungu wa kijani kwa kucha ya mkono wa kushoto. Nilimjua. Mkono ulikuwa umeshamwacha. Sasa aliona hata ufundi, kile kitu kimoja alichobaki nacho kichwani, umemgeuka.

Tulipofika alikaa kwenye kiti chake.

"Maisha yangu yote nimetumia asidi," akasema.

"Na karai zako zote zinashika maji mpaka leo," nikamwambia. "Sogea karibu. Mimi sioni vizuri bila wewe."

Hakusogea. Nilianza peke yangu. Kifaa cha Joash kilikuwa chepesi, mkono wangu ulikuwa umeshazoea kile kizito, nikawa nachoma plastiki badala ya waya. Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu nyuma yangu.

"Hicho kiungo kimekuwa kijivu," akasema juu ya bega langu. "Kimeganda baridi. Kitashika leo, kesho kitaachia. Rudia."

Nikarudia.

"Bado. Hiyo imejikunja juu kama tone la maji kwenye jani. Inatakiwa ilale."

Nikarudia mpaka ikalala. Shaba ni shaba, risasi ni risasi, na jicho lake halikuwa limepigwa na kiharusi.

Sauti ilirudi, nzuri kuliko ya kwanza, ila sasa chini yake kulikuwa na mngurumo. Mzito, usiokoma, kama mzinga wa nyuki uliofukiwa chini ya sakafu. Mdonoo wake ulizama humo ndani. Tulifuata kila waya. Tulifungua, tukafunga. Siku moja, nikizungusha tundu la waya wa gitaa, kidole changu kiligusa ukingo wake wa chuma, na mngurumo ukanyamaza.

Nikaondoa kidole. Ukarudi.

"Shika tena," Shitanda akasema. Nikashika. Kimya. "Kuna mahali waya wa ardhi, ule wa kumeza mngurumo, haujashika. Wewe ndiye umekuwa ardhi."

"Hainiui hii?"

"Ni stima ya chaja. Ikikuua, nitakuimbia."

Mahali hapo hatukupapata. Wakwe walifika kabla. Waliongea na wazee wetu ndani ya nyumba mpaka wakaelewana, kuku wakaliwa, na watu wakatoka kupunga upepo. Shitanda akaniashiria. Tulikuwa tumeweka sanduku nje, waya umepita dirishani. Nilichuchumaa karibu naye, nikaweka kidole changu kwenye chuma. Ndipo nikakumbuka chupa. Inataka mikono miwili, mmoja ushike na mwingine ugonge, na mmoja wangu haukuwa huru.

Shitanda alikuwa ameshaanza. Cindy alitoka miongoni mwa shangazi zake, na gauni lake jipya. Tangu utotoni aliionea aibu chupa ile, alisema ni mambo ya vilabuni. Akaiokota, akachuchumaa upande wa pili wa babake, akagonga. Alikosea. Babake akasonya. Alipopatia, babake hakusema kitu.

Wimbo ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliurudia. Aliurudia tena. Mkono wangu ulikufa ganzi. Sikuweza kupiga makofi.

Alikuwa bado anapiga tulipoona mwanamke anaingia langoni, leso imefungwa kiunoni, beseni la unga kichwani. Hatukumjua. Alipofika katikati ya uwanja aliachia kilio kirefu, kile cha kuingia matangani. Watu wa Lugari wakasimama. Shitanda akaacha nyuzi.

"Karibu, mama," akasema. "Unamlilia nani?"

Yule mama akakatiza kilio, akatutazama. "Si nimesikia gitaa? Kwetu likisikika hivyo huwanga ni kilio. Ni nani ametuacha?"

"Umelisikia ukiwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ng'ambo ya mto."

Shitanda akamgeukia binti yake. "Umesikia? Ng'ambo ya mto!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Clifford akacheka, na mwisho yule mama mwenyewe akajiziba uso kwa leso akicheka kwa haya. Tulimpa kuku na chai. Alipoondoka nilimrudishia beseni, akasukuma mkono wangu. Kwao, alisema, unga wa kilio ukishatoka haurudi.

Jioni niliusonga unga ule ukawa obusuma, ugali wa kwetu. Shitanda alimega kwa mkono wa kushoto, akalifinyanga tonge taratibu.

"Huu wa kilio ni wangu," akasema. "Wacha nile nikiwa bado na meno."

Alituacha wakati wa mvua ndefu, usingizini. Siku ya maziko wanawake waliingia mmoja mmoja na mabeseni, wakayapanga jikoni. Yule mama wa ng'ambo alikuja mikono mitupu. Alipita katikati ya watu, akaketi kwenye mkeka karibu nami, akanishika kiganja.

"Mimi wangu nilishaleta," akasema.